Tata Raphaël: mwalimu wa michezo aliyeacha uwanja na vyama

 Katika ukurasa huu wa maisha ya watu tumezoea kusimulia habari za waliotutangulia. Mara hii tumemchukua mtu ambaye kazi yake haikuwa Maniema bali kule chini, Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa. Lakini jina lake mnalijua. Kila kijana anayefuata mpira kwa redio amelisikia mara nyingi: Stade Tata Raphaël. Ni katika uwanja ule, tarehe 30 Oktoba 1974, kabla jua halijatoka, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman katika raundi ya nane, na dunia nzima ikajua kwamba kuna nchi inaitwa Zaire.

Sisi wengi tunalitamka jina hilo kama jina la uwanja tu, bila kuuliza Raphaël ni nani. Alikuwa mtu, tena mwalimu wa shule. Alikuwa padri aliyefundisha vijana mpira, mazoezi ya viungo na mpangilio wa vyama kwa miaka karibu arobaini. Wako wanaomsifu kama baba wa michezo ya Kongo. Kuko pia wanaosema kwamba kazi yake ilikuwa sehemu ya ule utawala wa wakoloni uliotaka kumtuliza Mwafrika. Sisi tutasimulia yote mawili, kwa kuwa yote mawili ni kweli, na kwa kuwa ndani yake kuna swali linalotuhusu sana sisi tuliorudi na ninyi mnaotusaidia: mtu akija kukusaidia, ni lini atakuachia kazi mkononi mwako?

Kutoka Bruges mpaka Léopoldville

Jina lake kamili lilikuwa Raphaël de la Kethulle de Ryhove. Alizaliwa mwaka 1890 huko Ubelgiji, pembeni ya mji wa Bruges, katika ukoo wa kibwanyenye, watu wenye majina marefu na heshima ya zamani. Angeweza kubaki kwao akaishi vizuri. Badala yake aliingia shirika la mapadri wa Scheut, lililoanzishwa karibu na Brussels mwaka 1862 na kupeleka watu wake kwanza China na Mongolia, kisha Kongo kuanzia mwaka 1888. Kwetu Maniema tuliwazoea zaidi Mapadri Weupe, lakini upande wa Léopoldville na Kasai, Scheut ndio waliokuwa na shule na misheni nyingi.

Raphaël alifika Kongo mwaka 1917. Tukumbuke ulikuwa wakati gani. Vita Kuu ya kwanza ilikuwa bado inaendelea. Mwaka mmoja tu nyuma, mwezi wa 9 wa 1916, askari wa Force Publique walikuwa wameingia Tabora, na nyuma yao kulikuwa na wapagazi wengi sana wa upande huu wa mashariki waliobeba risasi na chakula kichwani. Wengine hawakurudi. Kwa hiyo wakati padri huyu anashuka Léopoldville, mababu wa wengi wetu walikuwa barabarani na mzigo.

Léopoldville yenyewe haikuwa bado mji mkuu. Mji mkuu ulikuwa Boma, na serikali ilihamia Léopoldville katika miaka ya 1920. Lakini kazi ilikuwa tayari nyingi: bandari ya mtoni, reli ya kwenda Matadi, karakana, maghala, ofisi za makampuni. Vijana walikuwa wanaingia kutoka kila upande wa mto, kila mmoja na lugha yake. Walifika bila baba, bila mjomba, bila mzee wa kuwaonya. Sisi tuliokaa kambini tunaielewa hali hiyo. Kijana akitolewa kijijini na kuwekwa mahali ambapo hakuna mtu anayejua jina la ukoo wake, mtu wa kwanza atakayemwita kwa jina ndiye atakayemfuata.

Kati ya mtaa wa Wazungu na mji wa Waafrika serikali iliacha eneo tupu, ili watu wasichanganyike. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kutembea upande wa Wazungu bila kibali. Padri Raphaël alikaa na kufundisha katika mji huo uliogawanyika. Shule iliyojulikana zaidi katika kazi yake ni Institut Saint-Joseph, iliyotoa makarani na walimu wengi wa Léopoldville. Wanafunzi walimwita Tata, yaani baba.

Kazi ya mwalimu wa michezo

Mwaka 1919, miaka miwili tu baada ya kufika, alianzisha chama cha michezo cha Wakongo wa Léopoldville. Ndicho kilichokuja kuitwa baadaye Association Royale Sportive Congolaise. Usidhani ni jambo dogo. Kumpa kijana mpira ni rahisi, unautupa uwanjani na wanaanza kukimbizana. Kuanzisha chama ni mambo mengine. Lazima kuwe na orodha ya timu, na ratiba inayosema nani atacheza na nani, siku gani, saa ngapi. Kila mchezaji lazima aandikwe kwa jina ili leo asicheze huku na kesho kule. Pesa za mlangoni zinahesabiwa na kuandikwa, na wachezaji wakigombana kuna komite ya kukaa na kusikiliza. Na katikati ya uwanja lazima awepo mtu mmoja mwenye filimbi, ambaye akipuliza wote wanasimama, hata kama hawakubali.

Njo maana tunasema alikuwa mwalimu wa michezo, hakuwa mpenzi wa mpira tu. Pamoja na mpira, shuleni kwake kulikuwa na mazoezi ya viungo, bendi na maigizo, na anatajwa pia miongoni mwa walioingiza skauti Léopoldville. Kijana aliyepita hapo alijifunza kusimama katika mstari, kushindwa bila kupiga mtu, na kushinda bila kumtukana aliyeshindwa.

Mwaka 1936 alianzisha timu ya Daring, akachukua jina kutoka timu moja ya Brussels. Timu ile baadaye iliitwa Imana, na leo tunaijua kama Daring Club Motema Pembe, DCMP. Wale wenye umri wanakumbuka mwaka 1994 ilipochukua Kombe la Washindi la Afrika. Mpinzani wake, Vita Club, alikuwa ameshakuwa bingwa wa Afrika mwaka 1973. Mpaka leo hizo timu mbili zikikutana, Kinshasa inagawanyika, na hata huku kwetu kuna nyumba ambamo ndugu wawili hawasemezani jioni ile.

Mwaka 1937 uwanja wa Reine Astrid ulifunguliwa. Ulipewa jina la malkia wa Ubelgiji aliyekufa kwa ajali ya gari mwaka 1935. Uwanja huo bado uko, na leo unaitwa Stade Cardinal Malula. Kisha mwaka 1952 ukafunguliwa uwanja mkubwa kuliko ule, Stade Roi Baudouin, wenye nafasi ya makumi ya maelfu ya watu. Wakati ule viwanja vya ukubwa huo vilikuwa vichache sana katika Afrika yetu. Raphaël ndiye aliyeusukuma mradi ule mpaka ukasimama.

Tusisahau kwamba hakuwa peke yake katika njia hii. Upande wa Katanga, mwaka 1939, watawa wa Benediktini wa Élisabethville walianzisha timu kwa ajili ya vijana wa skauti wa shule yao. Timu hiyo ndiyo TP Mazembe, iliyochukua ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968 ikiitwa Englebert. Kwa hiyo mpira wa Kongo, ukiufuata mpaka mizizi yake, mara nyingi unafika kwenye shule ya mapadri.

Upande wa pili wa habari

Sasa tuseme na lile lingine. Kwa nini serikali ya wakoloni iliruhusu haya yote? Sababu iko wazi. Mfanyakazi akishapokea mshahara Jumamosi, Jumapili anakwenda wapi? Serikali na makampuni waliogopa pombe, waliogopa fujo, na zaidi ya yote waliogopa watu kukaa pamoja na kuzungumza mambo ya nchi. Mpira ulionekana kama dawa. Acha wakimbie, wachoke, wapige kelele, kisha warudi nyumbani na kuamkia kazini Jumatatu. Padri alitaka vijana wema, serikali ilitaka vijana watulivu, na kwa muda mrefu hayo mawili yalitembea pamoja.

Tena wenye neno la mwisho walikuwa Wazungu. Timu zilikuwa za Wakongo, miguu ilikuwa ya Wakongo, lakini wasimamizi wa juu walikuwa Wazungu. Ng'ambo ya mto, Brazzaville, kwa Wafaransa, mwaka 1936 wakubwa waliamua kwamba wachezaji Waafrika wacheze miguu mitupu. Wachezaji waliokwisha kununua viatu kwa pesa zao walikasirika, wakajitoa katika shirikisho lile. Habari ya viatu inaweza kuonekana ndogo. Lakini ukimwambia mtu mzima, mwenye kazi na mshahara wake, kwamba hafai kuvaa kiatu uwanjani, umemwambia jambo lingine kabisa, naye amelielewa.

Padri Raphaël alikuwa mtu wa wakati ule. Alipenda vijana wake, na hilo halina ubishi, kwani mtu asiyependa hawezi kukaa miaka 39 katika kazi moja. Lakini aliwapenda kama baba anavyopenda watoto. Na ubaya wa kuitwa baba ni kwamba watoto wako, hata wakiota mvi, unaendelea kuwaona watoto. Utawala mzima wa Wabelgiji ulikuwa na ugonjwa huo. Chuo kikuu cha kwanza, Lovanium, kilifunguliwa mwaka 1954 tu. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliomaliza chuo kikuu walikuwa wachache wa kuhesabika, na katika jeshi hakukuwa na ofisa Mkongo hata mmoja. Watu walifundishwa kusoma, kuandika, kushona, kujenga, kuendesha gari la moshi. Lakini hawakufundishwa kuamua.

Chama cha waliosoma

Hapa ndipo habari ya Tata Raphaël inatugusa sisi watu wa chama.

Mwaka 1925 alianzisha kitu kingine ambacho hakina magoli wala kelele, na kwa hiyo watu wengi hawakikumbuki. Alianzisha ADAPES, chama cha wanafunzi wa zamani wa mapadri wa Scheut. Wazo lilikuwa rahisi: kijana akimaliza shule asipotee mjini. Abaki na wenzake, wakutane, wasome, wazungumze, wajuane.

Tukumbuke kwamba Mwafrika hakuwa na ruhusa ya kuunda chama cha siasa. Hilo lilikuja mwishoni kabisa, uhuru ukiwa mlangoni. Vyama vilivyoruhusiwa vilikuwa vya wanafunzi wa zamani, vya kabila, vya michezo, vya wafanyakazi wa namna fulani. Basi watu wakajifunza uongozi ndani ya vyama hivyo hivyo. Humo walijifunza kuitisha mkutano na kuandika maamuzi yake. Walichagua mwenyekiti na kumwondoa bila kumpiga. Walitunza sanduku la michango, na kila shilingi, au tuseme kila franga, ilibidi ionekane imekwenda wapi.

Hata Patrice Lumumba, ambaye kabla ya kufika Stanleyville alipitia Kindu na kufanya kazi kwenye machimbo ya Kalima hapa hapa Maniema, alijifunza uongozi kwa njia hiyo. Kule Stanleyville aliongoza chama cha wafanyakazi wa posta na chama cha waliosoma, wale walioitwa evolue, kabla hajawa mtu wa siasa anayejulikana nchi nzima.

Katika ADAPES alitokea mtu mmoja anayeitwa Jean Bolikango. Alizaliwa mwaka 1909, akasoma Saint-Joseph, kisha akafanya kazi ya ualimu kwa miaka mingi. Wengi walipita mikononi mwake, na mmoja wao ni Joseph Iléo, aliyekuja kuwa waziri mkuu. Mwaka 1946 Bolikango akawa mwenyekiti wa ADAPES. Chama kilichoanzishwa na padri Mbelgiji sasa kinaongozwa na Mkongo, tena mwalimu aliyetoka katika shule ileile. Kikakua mpaka kikawa kimoja cha vyama vikubwa vya Wakongo waliosoma. Mwaka 1960, siku bunge lilipochagua rais wa kwanza wa nchi, waliogombea walikuwa wawili: Joseph Kasa-Vubu na huyo Jean Bolikango. Kasa-Vubu alishinda. Lakini tazama umbali: kutoka dawati la shule ya padri mpaka kugombea urais, na ngazi ya katikati ilikuwa chama cha wanafunzi wa zamani.

Je, Tata Raphaël alikusudia hivyo? Hilo kila mtu atalipima kwa alichokiona. Tunachojua ni kwamba alipanda chama, na chama kikazaa kuliko mbegu yake.

Mwaka wa kifo chake

Padri Raphaël alifariki mwezi wa 6 wa mwaka 1956, akiwa na miaka 65. Mwaka mmoja kabla, Mei 1955, mfalme kijana Baudouin alikuwa ametembelea Kongo na kupokewa na umati mkubwa sana wa watu wa Léopoldville. Ungedhani kila kitu kimetulia. Utawala ulionekana utadumu miaka mia.

Lakini mwaka huo huo wa 1956, karibu na siku za kifo chake, kundi la Wakongo waliosoma, Iléo akiwa mmoja wao pamoja na padri Joseph Malula, yule aliyekuja kuwa kardinali, walitoa tangazo katika gazeti lao la Conscience Africaine. Walidai kwamba Wakongo washirikishwe katika kuamua mambo ya nchi yao. Wiki chache baadaye chama cha ABAKO cha Kasa-Vubu kikasema hayo hayo kwa sauti kali zaidi, kikataka uhuru mara moja. Vijana waliofundishwa kusimama mstarini walikuwa wameanza kuuliza ni nani aliyeuchora mstari.

Mwaka uliofuata, mwezi wa 6 wa 1957, timu kutoka Ubelgiji ilikuja kucheza na timu ya Léopoldville katika uwanja mkubwa. Mwamuzi alikuwa Mbelgiji. Alikataa magoli ya Wakongo, na watu wakaona wameonewa mchana kweupe. Mchezo ulipokwisha hasira ikatoka nje ya uwanja, na magari ya Wazungu yakapigwa mawe. Ukiangalia juu juu utasema ni fujo za mpira, kila nchi inazo. Lakini watu wale walikuwa wamecheza mpira kwa karibu miaka arobaini. Sheria walizijua. Walijua goli ni nini. Walichokuwa wanakataa ni kwamba filimbi daima iwe kinywani mwa mtu wa upande mmoja.

Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 4 Januari 1959. ABAKO ilitaka kufanya mkutano, serikali ikauzuia. Watu waliokuja mkutanoni hawakutaka kutawanyika. Saa hiyo hiyo mchezo ulikuwa umekwisha katika Stade Roi Baudouin, si mbali na hapo, na maelfu ya watazamaji walikuwa wanatoka. Makundi mawili yakakutana barabarani. Vurugu ziliendelea kwa siku kadhaa. Serikali ilihesabu makumi ya Waafrika waliokufa, na watu wa mjini walisema ni wengi kuliko hapo. Tarehe 13 Januari, siku tisa baadaye, mfalme Baudouin alitangaza kwamba Ubelgiji itaipeleka Kongo kwenye uhuru. Mwaka mmoja na nusu baadaye, tukawa huru.

Uwanja uliojengwa ili watu watulie Jumapili ukawa mlango ambao watu walitoka kwenda kudai nchi yao. Aliyeujenga alikuwa amekwisha kufa na hakuyaona.

Majina yanavyobadilika

Baada ya uhuru majina ya kikoloni yalianza kuanguka moja moja. Mwaka 1966 Léopoldville ikawa Kinshasa. Mwaka 1967 Stade Roi Baudouin ikawa Stade du 20 Mai, kwa heshima ya chama cha Mobutu, MPR, kilichozaliwa tarehe hiyo. Timu yetu ya taifa ilichukua Kombe la Afrika mwaka 1968 kule Ethiopia, ikalichukua tena mwaka 1974 kule Misri, na mwaka huohuo ikawa ya kwanza kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Kisha, Oktoba ileile, Ali na Foreman wakaja.

Mwaka 1997, utawala wa Mobutu ulipoanguka kwa vita iliyoanzia huku kwetu mashariki, na ambayo sisi tunaijua kwa miguu yetu, jina la 20 Mai nalo likaondolewa. Sasa uwanja uitweje? Mfalme hakurudishiwa jina lake, wala halikutafutwa jina la mkubwa mpya. Uwanja ukapewa jina ambalo watu wenyewe walimwita yule padri: Tata Raphaël.

Hapo tunaona jambo la kushangaza kidogo. Sanamu za wakoloni zilishushwa, majina ya miji yalibadilishwa, barabara zilibatizwa upya. Na bado jina la padri mmoja Mbelgiji likapandishwa juu ya lango la uwanja, miaka 41 baada ya kifo chake, na watu hawakunung'unika. Nadhani ni kwa sababu watu wanajua kutofautisha. Aliyekuja kuchukua wanamjua, na aliyekuja kukaa nao pia wanamjua. Makosa yake wameyaona, lakini wameona pia kwamba alichokiacha kinaendelea kufanya kazi bila yeye.

Tunachojifunza

Ndugu wanachama, si lazima mtu awe padri wala mwalimu wa mpira ili maisha haya yamfae. Chama chetu nacho kina wanaosaidia na wanaosaidiwa, na mara nyingi ni watu walewale kwa zamu. Aliyetupokea jana kwa unga na turubai, kesho mvua ikibomoa nyumba yake atatuhitaji. Swali la filimbi liko pia kwetu. Sanduku la chama likiwa na ufunguo mmoja tu, na ufunguo ukiwa kwa mtu mmoja tu, hata awe mwema namna gani, siku akihama au akiugua chama kimesimama. Daftari likiandikwa na mtu mmoja ambaye hamfundishi mwingine, basi tumejenga uwanja bila kufundisha mwamuzi. Kila mwenye kazi katika komite na awe na kijana pembeni yake, mvulana au msichana, anayeona jinsi hesabu zinavyofanyika, na ambaye baada ya muda ataachiwa azifanye mwenyewe huku mkubwa akitazama.

Nanyi rafiki mnaotutumia msaada, tunawashukuru kwa moyo, na tunawaambia neno hili kwa upendo. Tata Raphaël alitoa vitu vingi: mipira, viwanja, shule. Vitu hivyo vilifaa. Lakini kilichokwenda mbali zaidi ni chama alichokianzisha, ambacho Mkongo alikishika akiwa bado hai, na kikaendelea mbele. Msaada wa bati na mbegu tutaupokea kwa mikono miwili, kwani njaa haisubiri mafunzo. Pamoja na huo, mtusaidie tujue kupanga, kuhesabu na kuamua wenyewe, na mtuvumilie pale tutakapoamua tofauti na mlivyodhani. Tutakosea mara nyingine. Mtu hajifunzi kuamua mchezo kwa kutazama tu kutoka pembeni.

Na vijana wetu wanaocheza jioni kwenye kiwanja cha udongo, wanaoshangilia Maniema Union ya Kindu na kuota kufika kule, wacheze. Ila wajue kwamba mpira ni dakika tisini, na kuna kazi nyingi kabla na baada yake: kuandika timu, kutunza jezi, kupatanisha waliogombana, kuhesabu pesa za mlangoni mbele ya watu. Anayejifunza hayo akiwa na miaka kumi na sita, akifika arobaini ataongoza kijiji bila kutafuta mtu wa kutoka mbali aje kumpulizia filimbi.

Mkutano ujao, kila tawi lije na jina la kijana mmoja atakayekaa na mtunza sanduku na kujifunza hesabu. Tunaanzia hapo.